Hita mbili, shawa moja, breka ya 40: jinsi ya kupanga saa za maji ya moto

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Kiembesamaki, Unguja, anaandika kwamba nyumbani kwao wako saba. Wana hita mbili za tangi, lita 50 kila moja, wati 1,500 kila moja, na shawa ya umeme ya wati 5,500 kwenye choo cha wageni. Tangu kipupwe kilipoanza, breka kuu ya ampea 40 inakatika baada ya Magharibi, lakini si kila siku. Fundi kamshauri afunge breka ya 63. Jirani anamwambia azime hita kila akimaliza kuoga. Shemeji yake anashikilia kwamba kuziacha wazi mchana kutwa ni nafuu kuliko kuzima na kuwasha. Ameona taima dukani na swichi za kuendeshwa kwa simu. Afuate la nani?

Jibu:

Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza kabisa, breka ya 63 isifungwe. Breka hailindi hita wala shawa, inalinda waya uliomo ukutani. Waya wa milimita za mraba 10 uliopitishwa ndani ya bomba, kwenye ukuta wa nyumba ya pwani, haustahili kubebeshwa ampea 63. Ukiwa ni wa milimita 6, ndio usiseme. Ukifunga breka kubwa bila kubadilisha waya na bila Shirika la Umeme kukuongezea kiwango cha huduma, kitakachokatika siku ya pili si breka.

Tujumlishe kinachowaka kwenu kati ya Magharibi na Isha. Shawa wati 5,500, hita mbili 3,000, birika la umeme 2,000, kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 kiasi cha 1,200, na pampu ya kupandishia maji juu 750. Jumla ni wati 12,450. Gawanya kwa volti 230 unapata ampea 54. Sasa utauliza: mbona breka ya 40 haikatiki kila siku? Breka hizi za nyumbani hutengenezwa zivumilie mara 1.13 ya kiwango chake kwa saa nzima, yaani ampea 45 kwa hiyo yako, na lazima zikatike ndani ya saa moja mzigo ukifika mara 1.45, yaani ampea 58. Ampea 54 imeangukia katikati. Akioga mtu mmoja kwenye shawa kwa dakika tano, breka inapata moto kidogo kisha inapoa. Wakifuatana watatu huku hita zote zikiwaka, inakatika. Ubovu haupo kwenye breka. Ilichobebeshwa kimezidi kwa muda mrefu kuliko inavyovumilia, basi.

Kwa hiyo kazi ni kuuondoa mzigo usiolazimika kuwepo saa ile. Na hapo ndipo hita ya tangi inapotofautiana na kila kitu kingine ulichokitaja. Hita ya tangi ni chupa ya chai iliyotiwa koili ndani. Hakuna anayechemsha maji upya kila mgeni anapobisha hodi. Yanachemshwa alasiri, yanatiwa kwenye chupa, yanasubiri. Kiyoyozi na taa huwezi kuwasha mchana ukavitumia usiku, lakini maji ya moto unaweza. Saa ya kununua umeme na saa ya kuoga si lazima ziwe moja.

Jirani na shemeji

Katika ugomvi wao, jirani ndiye mwenye haki, lakini si kwa kiasi anachodhani. Tangi linapoteza joto kwa kadiri lilivyo moto kuliko hewa iliyolizunguka. Likiwa digrii 60 na chumba digrii 28, linapoteza kwa kasi. Likishuka hadi 45, kasi inapungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo tangi lililozimwa, siku zote hupoteza kidogo kuliko lililoshikiliwa kwenye 60, na ule umeme wa "kuanza upya" anaoutaja shemeji haupo. Koili haina mwanzo mgumu kama mota.

Lakini ni kiasi gani? Tangi la lita 50 lenye sponji nzuri ya kuzuia joto hupoteza kati ya nusu uniti na uniti moja kwa siku likiachwa wazi saa 24. Ukilipasha mara moja alasiri na maji yakatumika jioni hiyohiyo, utaokoa kiasi cha nusu uniti kwa siku, tuseme uniti 15 kwa mwezi kwa tangi moja. Zidisha kwa bei yako ya uniti uone. Ni fedha, lakini anayekuahidi kwamba taima itapunguza matumizi ya nyumba kwa nusu anakuuzia taima. Faida yake kubwa kwako ni ampea, na volti, kama nitakavyoeleza.

Kabla hujanunua chochote, pima. Kwenye mita yako ya TUKUZA, ile ya kulipia umeme kabla, kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba ikifuatiwa na "imp/kWh", mara nyingi 1000 au 1600. Zima breka zote ndogo, acha ya hita moja peke yake ikiwa inapasha. Hesabu mipepeso kwa dakika moja. Mita ya 1000 ikiwa na hita ya wati 1,500 itapepesa mara 25, na mita ya 1600 mara 40. Fanya hivyo mchana, halafu rudia saa 2 usiku. Kama mchana umepata 25 na usiku 17, hita haijaharibika. Volti zimeshuka. Nguvu ya koili inafuata kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo volti 190 badala ya 230 zinaifanya hita ya 1,500 itoe kiasi cha wati 1,020 tu. Uniti utakazotumia kulipasha tangi ni zilezile, ila hita inakaa imewaka muda mrefu zaidi, na hita za mtaa mzima zinazidi kupandiana. Hii ni sababu nyingine ya kupasha mchana.

Kipimo cha pili ni cha kujua sponji ya tangi. Jioni acha hita ipashe mpaka taa yake izime yenyewe, kisha zima breka yake, na usiku huo asiguse mtu maji ya moto. Asubuhi andika namba ya mita, washa hita peke yake, subiri taa izime tena, andika namba ya pili. Tofauti ndiyo hasara ya usiku. Sehemu tatu hadi tano za kumi za uniti ni kawaida. Ikipita 0.7, ama sponji imelowa kwa tangi kuvuja ndani, ama maji ya moto yanarudi nyuma kwenye bomba la baridi. Na kama asubuhi hita haikuwaka kabisa ulipoifungulia, usihangaike: thamostati nyingi, yaani vidhibiti vya joto la hita, haziwashi mpaka maji yashuke digrii 5 hadi 8, na tangi lako usiku kucha limeshuka digrii chache kuliko hizo. Basi una chupa nzuri.

Hesabu ya maji yenyewe

Lita moja ya maji ikipanda digrii moja inakula wati-saa 1.163. Hii namba ibandike mlangoni. Lita 50 kutoka digrii 26 za kipupwe hadi 60 ni 50 mara 34 mara 1.163, sawa na wati-saa 1,977, yaani uniti 1.98, tuite 2. Kwa wati 1,500 ni saa 1 na dakika 19. Kwa volti zilizoshuka hadi 190 ni karibu saa 2.

Hakuna anayeoga maji ya digrii 60. Maji ya kuoga ni digrii 40 hivi, na ndoo ya lita 20 ya joto hilo inataka lita 8 tu za moto, zilizobaki ni za baridi. Tangi la lita 50 halikupi 50 kamili za moto, kwa sababu maji baridi yanaingia chini na mwishowe yanachanganyika, hesabu 40. Hizo zinatosha ndoo 5 kasoro kidogo. Kwa shawa ya kawaida inayotoa lita 7 kwa dakika, mtu akioga dakika 6 anamaliza lita 42, ambazo 17 ni za moto. Tangi lilelile linawatosha watu wawili na wa tatu anapata vuguvugu. Nyinyi saba mkioga kwa ndoo, mnahitaji lita 56 hivi za moto kwa jioni. Tangi mbili zinazidi. Mkioga kwa shawa, tangi mbili zilizopashwa mara moja hazitoshi, na lazima mgawane: wanne jioni, watatu alfajiri. Hili ni la kuamua kwenye kikao cha nyumba, fundi hana dawa yake.

Kuna jambo ambalo wengi wanalikosea. Maji ya tangi la plastiki la juu ya paa, lile jeusi, huwa yamepata jua. Tuseme saa 11 jioni yana digrii 33 na alfajiri 26. Watu wanasema: basi nipashe hita mchana, maji yanaingia ya vuguvugu. Hapana. Maji hayaingii kwenye hita unapoiwasha, yanaingia unapofungua bomba la moto, kwa sababu yanachukua nafasi ya yale yaliyotoka. Kwa hiyo anayefaidi jua la paa ni yule anayeoga kabla ya Magharibi, wala haijalishi taima imewekwa saa ngapi. Na faida si ndogo: ndoo ya digrii 40 kutoka maji ya 33 inakula wati-saa 163, kutoka maji ya 26 inakula 326. Mara mbili kamili. Watoto wakitoka chuoni alasiri waogeshwe saa 11, wasingoje saa 2 usiku.

Ratiba

Kwa nyumba yako ningeanza hivi: hita ya kwanza saa 8 mchana hadi saa 9:45 alasiri. Ya pili saa 9:50 hadi saa 11:35 jioni. Kisha ile inayotumika alfajiri irudi saa 9:15 usiku hadi saa 10:45. Zote mbili zisiwake pamoja hata dakika moja. Kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku hakuna hita inayopasha, na ampea zenu za Magharibi zinashuka kutoka 54 hadi 41. Shawa ikitumika wakati birika limezimwa, ni 32.

Dirisha la saa 1 na dakika 45 limezidi ule muda wa saa 1 na dakika 19 makusudi. Taima inatoa ruhusa tu. Anayeamua kuzima ni thamostati. Maji yakishafika joto lake hita itazima yenyewe hata kama taima bado iko wazi, na siku volti zikiwa dhaifu hutabaki na maji nusu moto.

Sasa saa. Taima nyingi husoma saa 24 za kizungu, na hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibika. Saa yetu ya mchana ongeza 6: saa 8 mchana ni 14:00. Saa yetu ya usiku ongeza 18, ikipita 24 toa 24: saa 9:15 usiku ni 27:15, toa 24, ni 03:15. Aliyeandika 08:00 akidhani ni saa 8 mchana, hita yake inawaka saa 2 asubuhi. Cha kuchekesha ni kwamba hatagundua, maana jioni bado atakuta maji ya moto. Tangi limeshuka digrii chache tu. Atakayegundua ni yule wa alfajiri, aliyeandika 09:15, anapoamkia maji baridi.

Kifaa chenyewe

Nunua taima ya kidijitali ya kufungwa ndani ya boksi la breka, yenye mguso (sehemu inayounga na kukata umeme) wa ampea 16 na betri yake ya akiba. Betri ni ya lazima kwetu. Taima ya duara yenye meno, isiyo na betri, inasimama umeme ukikatika. Ukikatika kwa saa tatu, ratiba yote inachelewa kwa saa tatu, na hakuna anayekumbuka kuirekebisha. Taima ya kuchomeka kwenye soketi usiitumie kwa hita hata kama imeandikwa 16. Ampea 6.5 kwa saa mbili mfululizo, kwenye plagi iliyolegea na hewa ya chumvi, ndiyo inayogeuza soketi kuwa ya kahawia.

Kila hita iwe na laini yake: waya wa milimita 2.5, breka ya 16, waya wa ardhi uliofungwa kweli kwenye tangi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile mafundi wanachokiita RCD, cha miliampea 30. Taima inakaa baada ya breka. Kama taima ni ya mguso mdogo, iache iendeshe kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa umeme) ya ampea 20 au 25 yenye koili ya volti 230, na kontakta ndiyo ibebe hita.

Swichi za simu zinafaa, kwa sharti tatu. Zisiwe chini ya ampea 16. Ratiba ikae ndani ya swichi yenyewe: zima ruta ya intaneti siku nzima uone kama bado inafuata saa. Na mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi uwe "imezimwa", usiwe "imewashwa". Hilo la tatu ni muhimu kuliko yote. Umeme ukikatika kwa saa mbili na kurudi, friji zote zinaanza pamoja, pampu zinaanza pamoja, hita zote zimepoa zinaanza pamoja, na mzigo wa mtaa unazidi ule wa kabla ya kukatika. Transfoma inalemewa, umeme unakatika tena, na watu wanasema Shirika linacheza. Ukiweza, kwenye taima ya kidijitali washa ucheleweshaji wa dakika 10 kwa hita moja na 25 kwa nyingine.

Shawa ya wageni

Shawa ya umeme haili uniti nyingi. Dakika 6 za wati 5,500 ni uniti 0.55, na haina tangi la kupoteza joto. Kosa lake ni ampea 24 kwa mpigo, saa ambayo kila mtu anazitaka, na haina subira: ama iwake sasa ama hakuna maji. Huwezi kuipangia saa. Unachoweza ni kuipa kipaumbele.

Njia rahisi ni swichi ya kuchagua ya ampea 40 yenye nafasi mbili, iwe shawa au hita, kamwe si vyote. Fundi yeyote anaifunga. Njia nadhifu zaidi ni rele ya kipaumbele: waya wa shawa unapita ndani yake, na shawa ikianza kuvuta, rele inakata kontakta ya hita mpaka shawa izimwe. Hita zinapoteza dakika sita, hakuna anayejua. Ila ukifuata ratiba niliyokupa, hita jioni zimeshazima, na rele hii inakuwa ya nadra kutumika. Mimi ningeanza na ratiba peke yake, nikaangalia mwezi mmoja.

Waya wa shawa hiyo uwe milimita 6, breka 32, na maungio yawe ya kauri. Ile reli ya plastiki nyeupe ya kuungia waya inayeyuka. Tena, shawa nyingi za aina hii koili yake imo uchi ndani ya maji. Kwa maji ya visima vya pwani yenye chumvi, umeme unapita kwenye maji kirahisi zaidi. Ikiwa RCD inakatika kila mtu anapofungua shawa, usikubali RCD iondolewe. Shawa ndiyo iondolewe, na wageni wavutiwe bomba kutoka kwenye tangi.

Yanayoharibu hita zetu

Maji yetu yanatoka kwenye mawe ya matumbawe na yamejaa chokaa. Ule ukoko mweupe wa kwenye birika ndio unaoivaa elimenti, yaani koili, ya hita, na unazidi kasi maji yakipita digrii 60. Koili iliyovaa ukoko inapasha polepole, inanguruma kama sufuria la dengu, mwisho inapasuka. Weka thamostati kwenye 60, si 75. Kila mwaka, au kila miezi sita kwa walio Paje, Jambiani na Nungwi, zima breka, funga maji, toa maji ya tangi, fungua elimenti, iloweke kwenye siki au ndimu ya unga usiku kucha. Usiparuze kwa kisu. Hapohapo utaona fimbo ya magineziamu iliyofungwa pembeni yake. Hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Ikibaki waya mtupu, badilisha. Ni rahisi sana kuliko tangi jipya.

Elimenti nyingi hapa hazifi kwa uzee, zinaungua zikiwa kavu. Tangi la juu likiisha maji na bomba la kuingia kwenye hita halina vali ya kuzuia kurudi, hita inajimwaga kinyumenyume. Taima inawasha saa 8 mchana, hakuna mtu nyumbani, ndani hakuna maji. Kwa hiyo anayeweka taima lazima kwanza ahakikishe ile vali ya shaba iliyokuja na hita imefungwa chini, upande wa maji baridi, mshale ukielekea kwenye tangi. Vali hiyohiyo hudondosha maji kidogo wakati wa kupasha. Maji yanatanuka, acha yadondoke. Usiizibe kwa tepu wala kwa kijiti. Tangi lililozibwa pumzi, thamostati ikigoma, linakuwa bomu.

Na usishushe thamostati hadi 45 kwa kutafuta uniti. Kati ya digrii 25 na 45 ndipo bakteria wa legionela wanapostawi, nao huingia mapafuni kwa vitone vidogo sana vya maji ya shawa. Tangi likifika 60 kila siku wanakufa. Upande mwingine, maji ya 60 yanamchoma mtu mzima kwa sekunde tano hivi, mtoto kwa chini ya hapo. Wenye watoto na wazee wafunge vali ya kuchanganyia iliyowekwa 42 kwenye bomba linaloelekea bafuni.

Kwa nini jioni

Unguja inaletewa umeme kwa nyaya zilizopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba: wa kwanza ulianza 1980, wa pili wa megawati 100 ulizinduliwa 2013. Pemba ina wake kutoka Tanga, wa kilovolti 33, tangu 2010. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua maana ya kutegemea uzi mmoja. Siku ya kawaida tatizo haliko baharini, liko kwenye transfoma ya mtaani kwenu, ambayo saa 9 alasiri inasinzia na saa 2 usiku inatokwa jasho. Nyumba mia moja zikihamisha hita moja moja ya wati 1,500, ni kilowati 150 zilizoondoka kwenye saa ile. Ufaransa walifanya hivi kwa miaka mingi kwa mamilioni ya hita: ishara ya hezi 175 ilitumwa ndani ya nyaya zenyewe za umeme, na kontakta za majumbani zikawasha hita usiku ambapo uniti ilikuwa rahisi. New Zealand wameanza mtindo huo tangu miaka ya 1950. Sisi hatuna ishara hiyo, ndiyo maana kila mmoja anahitaji taima yake.

Ukiweka sola baadaye, sogeza dirisha la hita ya kwanza hadi 10:00 ya taima (saa 4 asubuhi) na la pili hadi 12:00 (saa 6 mchana), moja moja, na hakikisha hita haziunganishwi upande wa betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4 ikiwa mpya na imejaa. Kulipasha tangi moja kunaimaliza.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii haifai. Saa 10 hadi 12 jioni jikoni kuna oveni, jiko la presha la umeme, na birika linalochemka bila kupumzika, kwa hiyo hita ya pili isogee nyuma: kwa saa za taima, ya kwanza 12:00 hadi 13:45, ya pili 13:50 hadi 15:35. Ile ya usiku iwe 01:00 hadi 02:45, ili iishe kabla ya wapishi wa daku kuamka. Maharage ya futari yapikwe saa 8 mchana kwenye jiko la presha na yaachwe humohumo yamefunikwa. Yatafika Magharibi yakiwa ya moto. Taima nyingi zina nafasi ya programu nane au zaidi. Andika ya Ramadhani kwenye nafasi zake peke yake uizime, mwakani ni kuiwasha tu.